Kichwa cha Nyamizi Hakikai Kitako

Mahari ya Nyamizi iliporudishwa Mwandoya kwa mume aliyemwacha, aliyewaswaga ng'ombe alikuwa Nyamizi mwenyewe. Baba yake, Mzee Mayala wa Lalago, alikataa kwenda. Alisimama kwenye lango la zizi asubuhi na mapema, akawatoa mmoja mmoja, kisha akamkabidhi binti yake fimbo.

"Wamerudi kwa sababu yako," alimwambia. "Basi wafikishe wewe."

Kaka yake Maige alimfuata nyuma kwa baiskeli, kwa sababu mama yao alisema waziwazi kwamba Nyamizi akiachwa peke yake, wale ng'ombe watafika Shinyanga. Na kweli, walipovuka korongo la kwanza tu, Nyamizi aliona kichuguu ambacho kumbikumbi walikuwa wanatoka, mbawa zikimeremeta kwa jua. Akasimama kuangalia. Alipoinua uso, dume jekundu lilikuwa limeingia kwenye choroko za watu, na Maige alikuwa ametupa baiskeli chini anakimbia.

"Dada, hivi wewe una nini?" Maige aliuliza baadaye, akihema. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Sijui," Nyamizi alijibu. Hakuwa anaficha kitu. Angelijua, angesema.

Alikuwa ameolewa na Maduhu kwa miaka miwili, na Maduhu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ng'ombe na pamba kama wenzake, mpole, asiyepiga. Alichotaka ni mke ambaye akiweka maharage jikoni atakumbuka kwamba yako jikoni. Nyamizi hakuweza. Alikuwa anaamka na nia njema kabisa, anaweka sufuria, anatoka kuchukua kuni, njiani anaona ufagio, anafagia uwanja nusu, anakumbuka hajawapa kuku maji, anakwenda kisimani na ndoo, kisimani anakutana na wenzake, na huko ndiko harufu ya maharage yaliyoungua inamkuta. Alisahau kutenga ndama na mama zao, wakanyonya maziwa yote. Palizi alianzia upande mmoja wa shamba, akakutwa upande mwingine anachimbua panya. Mama mkwe wake alivumilia mwaka wa kwanza kwa kusema bado mtoto. Mwaka wa pili akanyamaza, na ule unyamavu ulikuwa mbaya kuliko maneno.

Kilichomaliza ndoa ni kihenge. Nyamizi alikuwa amebeba kaa la moto kwenye kigae, analipeleka jikoni, mtu akamwita. Akakiweka kile kigae chini ya kihenge cha mtama, mara moja tu, aitike. Hakukumbuka tena habari ya moto mpaka alipoona watu wanakimbia na ndoo. Mtama wa mwaka mzima uliteketea.

Maduhu alisubiri watu watulie, ndipo akamwambia taratibu, "Mayu, mimi sina ugomvi na wewe. Ila nimechoka." Neno lile mayu, ambalo Msukuma humwita mama yake na pia binti anayemheshimu, lilimchoma Nyamizi kuliko tusi.

Hawakuwa wamepata mtoto, kwa hiyo ng'ombe walirudi.

Nyumbani Lalago walijaribu kila mlango. Mama yake alimpeleka kwa mfumu ng'ambo ya mto, mganga mwenye sifa, akapiga ramli na kusema ni bibi yake marehemu anadai kukumbukwa, kwa maana Nyamizi alipewa jina la bibi huyo lakini hakupewa shanga zake. Akavishwa shanga nyeupe shingoni. Alizipoteza kabla mwezi haujaisha. Kanisani wakamwombea, wazee wakamwekea mikono kichwani, na Nyamizi akafumba macho kwa bidii zote akijaribu kuomba pamoja nao, lakini akili yake ilikuwa inahesabu mabati ya paa. Shuleni, miaka ile, mwalimu wake wa hesabu alikuwa amemwita kichwa cha moto na mtoro wa moyoni, siku moja hiyohiyo: kwa mdomo hakuna aliyemshinda kujumlisha, lakini kwenye mtihani wa darasa la saba alijibu ukurasa wa mbele na kusahau kugeuza karatasi.

Yeye mwenyewe alishafikia uamuzi wake. Alikuwa mvivu. Watu wengi hawawezi kukosea wote pamoja.

Shangazi yake Esteria, aliyekuwa na nyumba mtaa wa Somanda pale Bariadi, ndiye aliyemwita mjini. Akamtafutia kazi kwenye mgahawa. Nyamizi alipeleka supu meza ambayo haikuagiza, akaacha maji yafurike mpaka barabarani, akafukuzwa. Akafanya usafi kwenye ofisi moja, akapoteza funguo. Akafanya kazi za ndani kwa mama mmoja mkali, akaunguza gauni la harusi kwa pasi. Kila mara alilia, akaapa, akaanza upya kwa nguvu kama mtu anayepanda mlima mbio, na katikati ya mlima pumzi ikakata.

Halafu jirani wa shangazi, muuza mitumba, akaugua malaria siku ya mnada. Mzigo ulikuwa umeshapakiwa kwenye Fuso. "Mtume Nyamizi," shangazi alimwambia, kwa sauti ya mtu asiye na la kufanya. "Mdomo anao."

Mnada wa mikoa ile si soko la kukaa. Leo uko kijiji hiki, kesho kile, na watu wanakuja kutoka porini na ng'ombe, mbuzi, dengu, vitenge, visu, redio, dawa za mifugo. Ng'ombe wanalia upande mmoja, madalali wanapiga kelele upande wa pili, spika tatu zinatangaza dawa ya minyoo kwa pamoja. Mtu mwingine akisimama hapo nusu saa kichwa kinamuuma. Nyamizi aliposhuka kwenye lori na kelele ile ikampokea, kwa mara ya kwanza maishani alihisi kwamba nje kuna kasi sawa na iliyomo ndani yake. Alitandika turubai, akapanda juu ya rundo la nguo, akaanza.

"Mama wa kitenge cha njano, njoo! Hiyo siyo saizi yako, weka chini, hii hapa! Baba, usimpite mkeo, sweta lake linamngoja! Wewe dada, nimekuona, umeshika mara mbili, ukishika mara ya tatu umeolewa nalo!"

Aliongea na wateja watatu kwa wakati mmoja, akamrushia wa nne blauzi, akakumbuka sura ya wa tano aliyeuliza suruali saa moja nyuma. Jioni turubai lilikuwa tupu. Yule jirani alipopona, alimwambia Nyamizi asirudi kufua nguo za watu. Wakawa wanazunguka pamoja, na baada ya mwaka Nyamizi akaanza kufungua belo za nguo zake mwenyewe.

Huko mnadani ndiko alikompata Januarius, mzaliwa wa Malampaka, ambaye baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Januarius alikaanga chipsi kwenye karai kubwa chini ya mwavuli uliopauka. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono isiyo na haraka. Nyamizi alikuja, akaagiza, akalipa, kisha akaona mtu aliyemfahamu, akaondoka. Chipsi zikabaki. Januarius akazifunga, akamwachia mwenzake karai, akampelekea. Wiki iliyofuata ikawa vilevile. Na iliyofuata.

"Unajua," Januarius alimwambia siku moja, "wengine wananunua chipsi, wanakula. Wewe unanunua ili nikufuate."

"Nilisahau!"

"Najua umesahau. Mimi ndiyo sisahau."

Walipokwenda kwa Mzee Mayala kujitambulisha, mzee alimtazama Januarius kwa muda, akasema, "Mimi sipokei ng'ombe wa huyu tena. Nimeshawafuga wa watu mara moja, nikawarudisha. Ukimtaka mchukue, na akikushinda usiniletee taarifa." Hakuja kwenye ndoa yao parokiani. Hakuja alipozaliwa Dastan wala alipozaliwa Salu. Mama yake Nyamizi alikuwa anakuja kimyakimya mpaka alipofariki, na baada ya hapo Lalago ikabaki sehemu ambayo Nyamizi alipitia kwenye basi akiwa ameangalia upande wa pili. Minada yote ya ukanda ule aliifanya, isipokuwa mnada wa kwao.

Ndani ya nyumba yao ndogo mtaa wa Malambo walipata utaratibu bila kuupanga. Januarius alipika. Hakuna aliyetangaza. Alirudi siku moja akakuta sufuria imetoboka kwa moto, akasema, "Mama Salu, jiko ni kazi yangu, mimi nalo tunaelewana," na ikaisha hivyo. Majirani walicheka kidogo, wakazoea. Nyamizi alifua, alisimamia kuku, aliwasaidia watoto hesabu kwa kuzigeuza nyimbo, na kwenye kwaya alikuwa sauti ya kwanza.

Kwaya aliiacha mwenyewe. Jumapili moja Salu, ambaye bado alikuwa ananyonya, alilala kwenye benchi la nyuma wakati wa mazoezi. Mazoezi yalipoisha Nyamizi alitoka na wenzake wanacheka, akafika nyumbani, akavua viatu, akaanza kupanga belo. Ni Januarius aliyeuliza, "Salu amelala?" Nyamizi aliangusha nguo alizoshika. Alikimbia pekupeku mpaka kanisani. Mtoto alikuwa mikononi mwa mke wa katekista, anachezea kitambaa chake, hana habari. Watu walisema hayo hutokea. Lakini Nyamizi alijua hayawatokei wao. Kuanzia hapo alikuwa anaamka asubuhi na kitu kizito kifuani, kabla hata hajakumbuka ni cha nini, na mnadani alipiga kelele kama kawaida, ila akishuka kwenye rundo la nguo uso ulikuwa unazima.

Aliyelifumbua jambo hilo, miaka kadhaa baadaye, alikuwa mteja. Felisita alikuwa muuguzi wa afya ya akili hospitalini, na alipenda sana blauzi za mikono mirefu. Siku moja Nyamizi alimfungia blauzi mbili, akaongea naye, akamrudishia chenji, akageukia mteja mwingine. Baada ya muda Felisita akarudi amebeba mfuko, anacheka.

"Dada, hii simu inayolia kwenye blauzi zangu ni ya nani?"

Nyamizi alikuwa ameshapindua rundo zima kuitafuta, jasho linamtoka. Aliipokea ile simu, na badala ya kucheka akaketi chini juu ya nguo na kuanza kulia, mbele ya wateja.

Felisita aliketi karibu yake. Hakumwambia anyamaze. Alipoona ametulia, akamuuliza, "Hii ya kusahau imeanza lini?"

"Haijaanza. Ndivyo nilivyo."

"Tangu mdogo?"

"Tangu mdogo. Nilitumwa maji, nikarudi na maembe. Ndoo sijui iko wapi mpaka leo."

"Na kichwani kukoje? Kumetulia?"

Nyamizi alifikiri. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kuhusu ndani. Wote waliuliza kuhusu vitu vilivyopotea nje. "Kama hapa," alisema, akionyesha mnada. "Ila hapa mimi ndiye ninayeuza. Kule kichwani naitwa na kila mtu."

Felisita alimtazama kwa namna ya mtu aliyesikia jambo analolifahamu. "Njoo kliniki, mama Salu. Uje na baba Salu. Sisemi una ugonjwa. Nasema njoo tuzungumze."

Siku ya kliniki Nyamizi aliisahau. Felisita akampigia Januarius, wakapangiwa nyingine, na safari hii Januarius alifunga karai lake na kumshika mkono mpaka mlangoni. Daktari alikuwa kijana mtaratibu. Aliuliza maswali mengi: shule, ndoa ya kwanza, kazi, usingizi, ajali, hasira, watoto. Alimuuliza na Januarius pembeni, kisha wote pamoja. Nyamizi alisimulia kila kitu, hata kihenge, jambo ambalo hakuwahi kumsimulia mume wake. Januarius alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

Mwisho daktari akataja jina. Lilikuwa la Kizungu, refu, akalifupisha kwa herufi nne. "Kwa Kiswahili wengi tunasema tu ni tatizo la umakini na utulivu. Watu hudhani ni la watoto, na wanadhani mtoto akikua linaisha. Kwa wengine haliishi. Mtu anazeeka nalo bila kuambiwa, na kila anayekutana naye anampa jina lake: mvivu, mzembe, amerogwa, hajali. Wewe unajali, mama. Kama usingejali usingelia."

"Kwa hiyo siyo uvivu?" Nyamizi aliuliza.

"Mvivu hawezi kufanya minada mitano kwa wiki."

Akaeleza kwamba dawa zipo, lakini hazipatikani kwa urahisi, na kwamba lazima aonwe na bingwa Mwanza kwanza. Walikwenda Mwanza. Bingwa alikubaliana na mwenzake, akasema dawa hiyo ikipatikana wataanza kidogo kidogo, na wakati huo wanasubiri, wapange maisha yafuate kichwa chake badala ya kumlazimisha yeye afuate maisha ya watu wengine. "Naona mmeshaanza," aliongeza, aliposikia nani anapika.

Njiani kurudi, ndani ya basi, Nyamizi hakufurahi kama Januarius alivyotegemea. Alitazama nje muda mrefu, mashamba ya pamba yanapita, meupe, tayari kuvunwa. Kisha akasema, "Namfikiria yule msichana."

"Msichana gani?"

"Aliyekuwa anaswaga ng'ombe. Hakuna aliyemwambia kitu. Alitembea siku mbili akijitukana."

Januarius akamsogezea bega. Nyamizi alilia mpaka Magu, kisha akalala usingizi wa kweli, na alipoamka Bariadi alikuwa na njaa.

Mambo madogo yakabadilika. Felisita alimfundisha kuweka kengele za simu, na kila kengele Salu aliirekodi kwa sauti yake: "Mama, kuku!" "Mama, funga mlango!" Funguo zilishonewa kamba kiunoni. Moto hakuugusa kabisa. Muhimu zaidi, kitu kizito cha asubuhi kikapungua. Alipokosea alisema, "Nimesahau, samahani," akaendelea, badala ya kutumia siku nzima kujihukumu. Akarudi kwaya. Salu, ambaye sasa alikuwa msichana wa darasa la tano, alikaa benchi la mbele akimkonyeza.

Ndipo Maige akapiga simu. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Bariadi kufanya upasuaji wa mtoto wa jicho, na Mzee Mayala alikuwa haoni tena vizuri. "Anahitaji pa kufikia," Maige alisema. "Nimemwambia ni kwako. Hajakataa. Hajakubali pia, lakini amevaa viatu."

Mzee alishuka kwenye basi akiwa amechakaa kidogo, fimbo mkononi, anapepesa macho. Nyamizi alipiga goti, akamsalimia kwa Kisukuma. "Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu." Akamsogelea kumtazama. "Umenenepa."

"Ninalishwa vizuri."

Nyumbani alikalishwa barazani. Alisikia sufuria, akasikia mwiko unasonga, akageuza kichwa. Mke wa nyumba alikuwa ameketi mbele yake. Akakodoa macho kuelekea jikoni mpaka akaona umbo la mwanaume mrefu ameinama.

"Mkwe," aliita. "Binti yangu anaumwa?"

"Hapana, baba. Mzima kabisa," Januarius alijibu kutoka jikoni.

"Amevunjika mkono?"

"Hapana, baba."

"Basi mbona wewe ndiye unayesonga ugali?"

"Kwa sababu akisonga yeye, baba, tutalala njaa."

Salu alishindwa kujizuia, akacheka. Mzee Mayala alitafuna mashavu yake. Ugali ulipoletwa, na samaki, na mlenda uliotulia, alionja, akakata tonge la pili kubwa zaidi. Katikati ya kula akasimama, akasema anakwenda kunawa tena mkono. Hakurudi. Walimkuta nyuma ya nyumba anakagua banda la kuku, ameng'oa kipande cha waya, anasema banda hili limefungwa vibaya, kesho atalitengeneza. Akarudishwa mezani. Akala matonge mawili, akakumbuka hajampigia Maige, akainuka kutafuta simu yake, akarudi na shoka. Alikuwa ameliona mlangoni na mpini wake ulikuwa umelegea.

Januarius na Nyamizi walitazamana. Januarius alilazimika kuinama kuokota tonge ambalo halikuanguka.

Baada ya upasuaji mzee alikaa na bandeji jicho moja, na hapo alilazimika kutulia. Asubuhi moja barazani, Salu akiwa shuleni, Nyamizi alimsogezea kigoda, akamwambia yote: Felisita, daktari, Mwanza, zile herufi nne. Alieleza kwa Kisukuma, na ilikuwa vigumu, maana maneno mengine hayakuwepo ikabidi ayazunguke. Alisema, "Wanasema unazaliwa nalo. Siyo bibi, siyo mtu mbaya. Na mara nyingi linatembea kwenye ukoo."

Mzee aligeuza fimbo yake mikononi. "Bibi yako," alisema hatimaye, "yule mwenye jina lako. Aliachika mara mbili kabla ya babu yako. Sisi watoto wake tulisema ana miguu ya upepo. Alikuwa anaanza hadithi moja anamaliza nyingine. Tulimpenda sana." Akaisimamisha fimbo. "Shanga ndiyo kweli hazikumfaa. Na yeye alizipoteza."

Nyamizi akacheka. Mzee hakucheka, alikuwa bado anatembea na wazo lake.

"Huyo daktari wako," aliuliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua, "anapima na wazee?"

"Anapima yeyote, baba."

"Hm." Akaangalia banda la kuku, ambalo alikuwa amelibomoa upande mmoja na kuliacha. "Mimi pale nyumbani mama yako ndiye alikuwa ananikumbusha. Ng'ombe, dawa, mikutano. Kila kitu. Watu walisema nina mke mkali." Akakohoa. "Alipofariki nilidhani ni uzee umeniingia kwa ghafla."

Kuhusu siku ile ya zizini hakusema kitu, na Nyamizi hakumdai. Ila mchana ule, Januarius alipokuwa anatoka kwenda kazini, mzee alimwita, akamwambia kuna ng'ombe wake mtamba mmoja Lalago, mweupe mwenye madoa, na kwamba Maige atamleta. Januarius akasema, "Baba, kwa desturi mimi ndiye ninayepaswa kukuletea wewe." Mzee akamjibu, "Desturi ya nani? Wewe unasonga ugali," na mambo yakaishia hapo.

Jicho lilipofunguliwa aliona vizuri, akatembea mji mzima kuutazama, akapotea mara mbili, akarudishwa na watu. Siku yake ya kurudi ilipokaribia, Nyamizi aliangalia ratiba ya minada kichwani, akakuta inaangukia siku ya Lalago. Alikaa akilifikiria jambo hilo kwa muda, jambo lisilo la kawaida kwake.

"Baba Salu," alimwambia mumewe, "nadhani nitampeleka baba na mzigo."

"Lalago?"

"Lalago."

Januarius alimaliza kumenya kiazi alichoshika. "Chukua turubai kubwa. Wingu la kule linanitia shaka."

Walikwenda kwa Fuso, mzee akiwa mbele na dereva, Nyamizi juu ya belo na wenzake. Alitandika karibu na mahali pa mbuzi. Mwanzoni sauti yake ilikuwa ndogo, anatazama kila uso unaopita kama unamjua. Wengine walimjua kweli. Mwanamke mmoja alisimama, akamwita jina la baba yake, akasema walikuwa darasa moja, akanunua sketi mbili za wajukuu na kukaa kupiga soga mpaka wateja wakamzunguka. Sauti ikarudi. Akapanda juu ya rundo. Mzee Mayala, ambaye alitakiwa aende nyumbani kupumzika, alionekana upande wa pili ameinua sweta la kijani, anamwambia kijana wa watu kwamba baridi ya Juni haina mchezo, na kwamba huyu muuzaji ni binti yake, asijaribu kumpunja.

Mvua ilishuka mchana. Wanawake wa pale, wateja na wasio wateja, walishika pembe za turubai pamoja naye wakafunika nguo, wakaingia wote chini yake wanacheka, wamebanana, maji yanapiga juu. Mzee alikuwa humo pia, anasimulia kitu cha zamani, akaruka kwenye kingine, na wale wanawake hawakujali ni kipi kitaisha.

Jioni Fuso ilipokuwa inapanda kilima kutoka Lalago, Nyamizi juu ya belo zilizopungua, ametota, amejifunga kitenge kichwani, simu ikalia kiunoni.

"Umefika wapi?" Januarius aliuliza.

"Tunapanda. Tumeuza vizuri. Baba amekataa kwenda nyumbani mpaka mnada ulipofungwa."

"Na leo umesahau nini?"

Nyamizi alipapasa kiuno, akapapasa mfuko, akahesabu mizigo kwa macho. Aligeuka kutazama nyuma, ambako taa chache zilikuwa zinaanza kuwaka mnadani.

"Bado sijajua," alisema. "Niwekee chakula."

"Kipo," Januarius alisema. Nyuma yake alisikika Dastan akigombana na Salu kuhusu nani amekula kipande kikubwa cha samaki, na karai likichemka, na Nyamizi akaiacha simu wazi sikioni ili aendelee kuwasikia, mpaka mtandao ulipokatika kwenye mteremko.